Volti Kumi na Mbili Hadi Chumba cha Uani

Machi 9

Leo nimeshona pazia jipya la chumba cha mama mkwe. Si kwa upendo. La zamani limeungua. Juzi jioni kibatari chake kilipinduka dirishani, moto ukalipanda pazia kama mtu anayejua anakokwenda. Aliuzima mwenyewe kwa maji ya kuoshea vyombo, halafu akaketi kitandani na kutangaza kwamba hakuna kilichotokea. Kilichotokea kilikuwa na urefu wa mita moja na nusu. Najua, nimekipima.

Mke wangu ni mwalimu mzuri, lakini hawezi kukaa na siri hata ya sufuria iliyoungulia. Akampigia kaka yake simu. Huyo shemeji yangu tunamwita Meneja. Ofisi hajawahi kuisimamia, husimamia watu. Anaishi safari ya siku nzima kutoka hapa, barabara ikiwa nzuri, katika nyumba ya ghorofa ambako umeme unatoka ukutani bila kubembelezwa. Ametoa hukumu: mvua zikikatika na barabara ikapitika, anakuja, na asipokuta taa ya maana chumbani kwa mama yake anamchukua moja kwa moja. "Taa, shemeji. Si kibatari."

Kwetu nguzo za umeme zimeishia kwenye kona ya shule. Huu ni mwaka wa nne zimesimama pale kama wageni wasiojua kama wamekaribishwa.

Mama mkwe alilikunja pazia lililoungua, akaliweka chini ya mto.

Machi 11

Mke wangu analia. Analia huku akisahihisha madaftari. Chozi likadondokea hesabu ya mtoto wa watu, likafuta jibu, ikabidi ampe alama kwa kumdhania mema.

Daftari hili halisomwi na mtu, basi niseme ukweli: mama mkwe akiondoka, mimi sitakonda. Amekaa nasi miaka sita tangu baba mkwe afariki. Miaka yote hiyo tumeamkiana shikamoo na marahaba kila asubuhi, na zaidi ya hapo kila neno hupitia kwa mke wangu kama barua inayopitia posta. "Mwambie mumeo cherehani yake inanguruma nikijilaza mchana." "Mwambie mama nimesikia." Tunasema hayo tukiwa tumesimama hatua tatu. Mkwe ni mkwe. Chumba chake kiko ng'ambo ya ua, kinatazamana na dirisha langu la kushonea, na kizingiti chake sijawahi kukikanyaga.

Lakini chozi la mke lina uzito wake. Nitaweka umeme. Si ule wa nguzo. Huu wa jua na betri, volti kumi na mbili tu, umeme mpole usiomuua mtu. Mimi ni fundi cherehani, umeme sikuusomea. Ninacho kijitabu cha umeme wa magari, nilichokikuta kwenye mfuko wa koti la mteja ambaye hakurudi. Kimekosa kurasa ishirini za mwanzo. Sidhani kama kuna hasara. Kurasa za mwanzo siku zote ni shukrani.

Machi 15

Paneli iko juu ya bati. Betri iko chini ya meza yangu ya kukatia, ndani ya sanduku la mbao nililolitoboa matundu ili ipumue. Kati yao kuna kidhibiti, kijisanduku chenye kazi ya kuizuia betri isivimbiwe wala isife njaa. Fyuzi nimeiweka karibu kabisa na betri, kama kijitabu kinavyoagiza. Mke wangu, ambaye hata betri ya tochi huishika kwa kitambaa, alisimama mlangoni akiniombea.

Betri: 12.7. Imeshiba.

Machi 16

Mvua. Betri 12.6.

Machi 17

Mvua. Betri 12.5. Mama mkwe amevuka ua akiwa ameshika ukuta, akakanyaga katikati ya dimbwi ambalo hata mtoto angeliruka. Ukaidi tu.

Machi 19

Nimefikiria habari ya waya. Turubai hushonwa kwa uzi mnene, kitambaa chepesi kwa uzi mwembamba. Umeme wa nguzoni ni turubai. Huu wangu ni hariri. Kwa hiyo nimenunua waya mwembamba kuliko wote dukani, ule wa kengele za mlangoni, mita kumi na nane kutoka kwenye betri hadi chumba cha uani. Muuzaji alinitazama. Nilidhani ananisifu.

Machi 22

Leo mama mkwe amesema nami.

Mke wangu alikuwa shuleni. Nilikuwa nimeuvusha waya juu ya ua, nikautoboa ukuta chini ya dirisha la mama mkwe na kuusukumia ndani. Kutoka hapo hadi juu ya kitanda alihitajika mtu wa kupiga klipu za kuushika waya ukutani, na mtu huyo hawezi kuwa mimi. Nikatangaza, kana kwamba nauambia ua, kuwa kazi itasubiri jioni. Kutoka ndani nikasikia, "Mwambie mumeo..." kisha kimya. Posta ilikuwa imefungwa. Kuku akapita kati ya dirisha na mimi, akatutazama wote wawili kwa zamu.

"Baba," akasema mwishowe, "nipitishie nyundo dirishani."

Nikamwambia si haraka, binti yake akirudi atazipiga klipu.

"Chumba ni changu. Wewe sema, mimi nitagonga."

Basi nikasimama nje nimeukabili ukuta kama mwanafunzi aliyepewa adhabu, nikisema: panda shibiri moja, gonga, shibiri nyingine, gonga. Klipu kumi na nne. Akigonga ukuta nilisikia "ko". Akigonga kidole sikusikia kitu, maana ni mtu wa heshima zake. Ila "ko" iliyofuata ilichelewa. Ile ya saba ilichelewa sana.

Jioni tukawasha. Sebuleni, mwanga mweupe. Kwangu, naweza kutunga sindano. Chumba cha uani, kaa la jiko linalofikiria kuzima.

"Mwambie mumeo," nikasikia sauti ng'ambo ya ua, "kibatari kilikuwa na bidii zaidi."

Machi 23

Nimepima. Kwenye betri 12.5. Dirishani kwa mama mkwe 9.8. Njiani zimepotea karibu volti tatu, na sikumwona aliyezichukua.

Nimekwenda kwa fundi redio, mwenye kibanda kwenye kona ya shule, chini kabisa ya nguzo ya mwisho. Nikamwonyesha kipande cha waya wangu. Alikishika kwa ncha za vidole kama unywele uliokutwa kwenye chakula.

"Kaka, umeshona koti la baridi kwa uzi wa shela."

Akanieleza taratibu, bila kunicheka sana. Umeme wenye volti nyingi una nguvu ya kupenya hata njia nyembamba. Huu mdogo ni kama maji ya tanki lililo chini: bomba likiwa jembamba na refu, mwisho wake yanadondoka tone tone. Volti zikiwa ndogo, waya uwe mnene. Kinyume kabisa cha kushona. Halafu akaniuliza nilipima mita ngapi. Nikasema kumi na nane. Akasema hizo ni za kwenda tu. Umeme hauhamii kule, lazima urudi kwenye betri, kwa hiyo ni thelathini na sita.

Nimemwuliza hayo yameandikwa wapi. Akasema kwenye kitabu chochote, kurasa za mwanzo.

Machi 24

Mvua. Betri 12.4. Duka la nyaya halifikiki, daraja limejaa maji.

Machi 27

Mvua. Meneja kapiga simu. Anauliza taa. Mke wangu kasema inakuja. Kauliza inakuja kwa miguu.

Aprili 4

Waya mnene umefika, mgumu kama mkia wa ng'ombe. Nimeufunga mwisho wa ule wa zamani na kumwomba mama mkwe, kupitia dirishani, alegeze klipu, auvute ndani kisha azigonge upya. Amevuta. Ana mikono ya mtu aliyechota maji ya kisima miaka hamsini. Saa kumi alasiri nikawasha. Dirishani sasa ni 12.3.

Mke wangu alipiga vigelegele. Mama mkwe alitokea mlangoni. Taa iko juu ya kichwa chake, nyeupe kama yai, na yeye ananielekezea uso na kuuliza, "Imewaka?"

Nikajibu kwamba imewaka. Akasema, "Haya." Hivyo ndivyo wakwe wanavyoshukuru.

Aprili 7

Mvua. Betri 12.2. Mama mkwe ameshona mwenyewe mkono wa gauni lake jeupe, kwa uzi wa kijani. Mimi fundi naishi naye nyumba moja. Watu watasemaje?

Aprili 12

Siku ndefu. Niandike kwa utaratibu.

Baba mkwe aliendesha teksi miaka ishirini. Gari lilipokufa, aliitoa redio yake, akaitengenezea sanduku la mbao na kuitumia nyumbani kwa betri ya gari. Alipofariki, betri nayo ikafa baada ya miezi miwili, na redio haijasema neno tangu hapo. Mama mkwe huipangusa vumbi kila Ijumaa. Mimi nilidhani ni pambo.

Leo asubuhi ameniuliza kupitia dirishani kama umeme wangu unafanana na wa teksi. Nikasema ni ule ule, volti kumi na mbili, hata jina ni moja. Akauliza kama redio inaweza kuonja.

Niliona fahari, sikatai. Nikampitishia nyaya mbili, nikamweleza kwamba umeme huu si kama wa nguzoni. Una mbele na nyuma, chanya na hasi, na ukiuvalisha kinyumenyume unaunguza. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Nikarudia mara tatu. Nikamwuliza kama amehakikisha. Akasema amehakikisha.

Nikaenda kwangu, nikabonyeza swichi. Nikasikia "pwa", ndogo, kama mtu kapasua ganda la karanga. Nilipofika dirishani harufu ilikuwa imeshatoka nje kunipokea.

Nilikasirika. Nilimwambia, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mkwe, "Nilisema nyekundu kwa nyekundu, Mama."

Mvua ilianza, nami nikabaki pale chini ya ukingo wa bati, nusu yangu kavu, nusu imelowa. Nilikuwa natafuta namna ya kuondoka kwa heshima aliposema, polepole:

"Kwangu zote ni nyeusi, baba."

Nikamwuliza tangu lini. Akasema mwaka wa pili sasa. Kwanza alidhani ni moshi wa kibatari. Kisha ukungu ukabaki hata mchana, na sasa watu anawajua kwa nyayo. Mimi, kwa mfano, navuta mguu wa kushoto, jambo ambalo mke wangu hajawahi kuniambia. Na mimi, mtu ninayejisifu kwa jicho, nikayakumbuka yote kwa mpigo: dimbwi, uzi wa kijani, nyundo na vidole, ile "imewaka?" Nilikuwa nimeyaona yote na kuyaandika humu, nikayapa jina la ukaidi.

Nikauliza, basi taa ya nini.

"Taa naiona. Sioni inachomulika, lakini yenyewe naiona. Nikijua taa iko wapi, najua mlango uko wapi."

Kisha akaniomba nisimwambie mtu, hasa mke wangu, kwa sababu ninazozifahamu. "Meneja akijua, hatanichukua kwa ajili ya taa. Atanichukua kwa ajili ya macho. Na kule kwake hakuna hata ukuta mmoja unaonijua."

Nilisema nitafikiri. Nimefikiri. Nimekuwa mshirika wa mama mkwe.

Aprili 13

Fundi redio ameifungua redio na kuinamia ndani muda mrefu. Akatoa kwa kibano kitu kidogo cheusi, kimepasuka. Kinaitwa dayodi, kazi yake ni kusimama mlangoni. Umeme ukiingia kinyume, kinakufa chenyewe ili wa ndani wapone. Anasema haikuwa ya kiwandani. Aliyeifunga redio hii aliiongeza kwa mkono wake.

"Alikuwa anamjua mtumiaji," akasema.

Ameweka mpya, nami nimemfikishia mama mkwe maneno hayo kama yalivyo. Akasema marehemu siku zote alimwona kuwa ni mtu wa haraka.

Aprili 15

Yeye ndiye aliyetoa dawa. "Macho yamezeeka, vidole bado ni wasichana. Nifungie kitu."

Nimeshona vijifuko viwili vya kitambaa vya kuvalisha nyaya. Cha chanya kina kifungo cha shati. Cha hasi ni laini. Soketi nayo nimeigundishia kifungo upande wake. Nimempitishia, nikasikia vidole vikitembea.

"Kifungo kwa kifungo," akasema.

"Kifungo kwa kifungo, Mama."

Redio ikakohoa, ikatoa sauti ya mwanamume akisoma bei za vitunguu. Alimsikiliza hadi mwisho, vitunguu, viazi, maharage, kama mtu anayesomewa barua. Mke wangu alirudi kutoka shule akasimama katikati ya ua na kikapu chake. Alisema sauti ya redio hiyo ilikuwa ikimwamsha utotoni.

Aprili 18

Mvua. Betri 12.3. Nimemshonea upya mkono wa gauni, kwa uzi mweupe. Nimelipitisha dirishani bila kusema kitu. Naye hakusema kitu, kwa namna nzuri.

Aprili 22

Nimehamishia kazi ya mkono chini ya dirisha lake. Vifungo, pindo, tundu za mkanda. Nashona nje, yeye anakaa ndani, redio iko kati yetu. Leo amenieleza jinsi marehemu alivyokuja kumposa na gari la kuazima likagoma kuwaka, mashemeji wakalisukuma. "Nikajua huyu hatakosa watu." Mimi nimemweleza habari za kurasa ishirini. Alicheka hadi akakohoa.

Aprili 26

Mawingu siku ya nne. Betri 12.0.

Aprili 27

Mawingu. Betri 11.9. Sasa ni hatari. Ikishuka zaidi inaumia. Nimetangaza kubana matumizi. Mama mkwe, kupitia posta, ameagiza chumba chake ndicho kikatwe, maana yeye hashoni. Posta imefikisha. Nimejibu kwamba fundi ni mimi. Nimekata taa yangu ya kushonea.

Aprili 28

Nimeshona suruali ya mteja gizani. Mguu mmoja ni mrefu. Nitamwambia ndiyo mtindo.

Mei 3

Jua saa mbili nzima. 12.3.

Mei 8

Mvua zinakatika. Meneja kapiga simu: anakuja tarehe kumi na saba. Mke wangu anaimba. Taa ipo, redio ipo, basi mama anabaki. Ananiita fundi bila kejeli.

Mimi siimbi. Leo nimemwona mama mkwe akimimina chai kwa kusikiliza. Sauti ilipopanda akaacha, kikombe kimejaa sawasawa. Ilikuwa hodari sana, nami nikaingiwa na hofu. Kila kitu chumbani mwake sasa kina fundo, kifungo au pindo. Nimemshonea njia nzuri ya kuingia gizani.

Mei 10

Nimemwuliza fundi redio, kwa mzunguko, habari za macho. Alijua mara moja nasema nani. Watu wa vibanda vya kona huona nyayo za watu wote. Shangazi yake alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wakamtoa ukungu, wiki ya pili akaanza kugombana na watu kuhusu usafi wa vyombo. Ila hospitali inayofanya hivyo iko kule kule anakoishi Meneja.

Nimemweleza mama mkwe. Niliwahi kuona chuma kikipoa polepole. Yeye aligeuka baridi kwangu haraka zaidi.

"Na wewe unataka niende."

Nikasema nataka arudi.

"Hakuna anayerudi. Mzee akipelekwa kutibiwa, kitanda chake huwekwa magunia. Akipona anakuta magunia yamezoea."

Nikasema kitanda chake hakiwekwi hata leso. Akaongeza sauti ya redio. Nimerudi kwenye meza yangu.

Mei 11

Shikamoo. Marahaba. Basi.

Mei 14

Jua. Betri 12.7. Dirisha la mama mkwe limefungwa.

Mei 17

Meneja alifika saa nne, viatu vimejaa tope hadi kwenye kamba, na kabla ya kunawa akaomba kuonyeshwa. Alibonyeza swichi ya chumba cha uani mara nane. Aliifuata njia ya waya kwa kidole hadi kwenye betri, akauliza fyuzi ni ya ngapi, akagonga sanduku. Mama yake alimtembeza chumba chake kama mwenye hoteli: hapa redio, hapa maji, hapa viatu. Hakujikwaa mahali. Akamimina chai, kikombe kikajaa sawasawa. Mimi nilikuwa nje mahali pangu, dirishani, kama mtu anayemtazama mwingine akitembea juu ya kamba.

Meneja akanyoosha mikono. "Shemeji, nimeshindwa na nakubali. Mama anabaki."

Mke wangu akanishika bega. Tulikuwa tumeshinda. Sijawahi kushinda kitu kikanikaa vibaya hivyo.

Kisha Meneja akatoa bahasha. Binti yake mkubwa amejifungua mwezi uliopita, kitukuu wa kwanza wa mama, na amemletea picha iliyosafishwa, kubwa. "Tazama, Mama. Anafanana na nani?"

Mama mkwe aliipokea. Akaipitishia vidole kutoka pembe hadi pembe, taratibu, kisha akairudia. Picha ni laini. Haina fundo, haina kifungo, haina mahali inapoanzia. Ingekuwa rahisi kusema anafanana na babu yake. Wazee wote husema hivyo na hakuna anayebisha. Nilimwona akifungua mdomo kusema, akaufunga.

"Sijui," akasema. "Simwoni. Simwoni, mwanangu. Sikuoni hata wewe."

Yaliyofuata yalikuwa mengi na yalisemwa kwa pamoja. Meneja akanigeukia, akaniuliza kama nilijua. Nikasema nilijua. Mke wangu akaniuliza tangu lini. Nikataja tarehe, ndiyo hasara ya kuandika daftari. Meneja akatoka nje, akasimama akiutazama waya unaovuka ua kama aliyetumwa kuuhesabu. Nilimwendea nikiwa tayari kutukanwa. Macho yalikuwa mekundu. Akasema ni moshi. Jiko lilikuwa halijawashwa.

"Nilidhani ni taa tu," akasema. "Mimi nilidhani tatizo ni taa."

Miaka yote nimemwona kama mtu anayependa kusimamia. Kumbe ni mtu anayeogopa, na mikono yake haijui pa kukaa.

Jioni mama mkwe alitoa hukumu yake, na hakuna aliyeikatia rufaa. Atakwenda kutibiwa. Atakwenda na mkoba wa mkononi, si na sanduku. Mwenye sanduku anahama, mwenye mkoba anatembea. Kisha akasema kwa sauti ya dirishani, "Na fundi wangu ameahidi habari ya magunia."

Mei 18

Wameondoka asubuhi. Alinipa mkono garini. Hajawahi kunipa mkono.

Mei 20

Jua. Betri 12.7. Mke wangu hasemi nami kwa ajili ya siri. Amesimama hatua tatu, akaiambia cherehani, "Mwambie fundi wako chakula kiko mezani." Nikamwambia cherehani amshukuru. Akajizuia, akajizuia, akacheka. Halafu akalia.

Mei 24

Betri inajaa kabla ya saa sita mchana. Baada ya hapo kidhibiti kinalikataa jua lote linalobaki. Umeme mwingi, watu wachache. Jioni nawasha taa ya chumba cha uani kwa swichi kuu iliyo kwangu. Mke wangu ameuliza nawasha ya nani. Nimesema waya mnene usipotumiwa unasinyaa. Amenitazama tu.

Mei 30

Jicho la kwanza limefanyiwa kazi. Meneja anasema mama analalamika kwamba daktari ni kijana mno. Dalili njema.

Juni 6

Jicho la pili. Jua.

Juni 9

Jirani ameomba aweke mahindi chumba cha uani, magunia mawili tu, siku mbili tu. Nimemjibu vibaya. Kesho nitamwomba radhi, lakini mahindi hayaingii.

Juni 14

Amerudi. Alishuka garini na mkoba ule ule, amevaa miwani myeusi mikubwa kama ya mtu maarufu. Akaivua. Alimtazama mke wangu kwa muda mrefu, akamwambia amekonda. Akanitazama mimi.

"Kumbe una mvi," akasema. "Sauti yako ni changa."

Akavuka ua bila kugusa ukuta, akaingia chumbani mwake. Mimi nikaenda mahali pangu, chini ya dirisha. Taa ikawaka, ikazimika, ikawaka. Nikamsikia akitembea, akisimama. Kisha:

"Baba."

"Naam, Mama."

"Huu waya umepigwa na nani?"

Nikauliza kwani una nini.

"Umepinda. Umepanda ukuta kama mlevi anayetafuta kwao. Taa nzuri, redio nzuri, halafu ukutani aibu tupu. Fundi gani anafanya kazi hivi?"

Nilitafuta namna ya kulisema kwa adabu. Adabu ikanishinda.

"Ni wewe, Mama."

Kuku akapita. Kisha nikasikia kicheko, kilianza mbali na kuja karibu, hadi akalazimika kuketi, kitanda kililia. Mke wangu alikuwa anaanika nguo, ameuma kibanio mdomoni, na mabega yanamtikisika.

"Basi usisimame nje kama askari," mama mkwe akasema. "Ingia uunyooshe."

Nikavua viatu. Nikavuka kizingiti. Ni chumba kidogo kuliko nilivyodhani. Kitanda hakina hata leso. Redio iko kwenye kigoda, na juu yake, imeegemezwa ukutani, picha ya kitukuu, mahali mtu aliyelala anapoiona kwanza akiamka. Na ukutani, waya wangu mnene na klipu zake kumi na nne, hakuna mbili zilizo kwenye mstari mmoja. Nilizijua zote kwa masikio. Ya saba, ile iliyochelewa, imekaa kando kabisa, imelala ubavu, na pembeni yake chokaa ina alama ya nyundo mara tatu.

Nikasimama hapo kidogo. Kisha nikamwambia nimesahau nyundo.

Ilikuwa kwenye mfuko wangu wa nyuma, mpini umetokeza nje. Mama aliutazama vizuri ule mpini, kwa macho yake mapya yote mawili, akasema si haraka.